Yai na Mkaa

Kwenye albamu ya harusi ya Salha kuna picha mia moja na nane, na hakuna hata moja inayoonyesha uso wa mama mkwe wake. Yeye yumo. Ukimtafuta utaona kitambaa cheupe cha kichwa, meno, na mkono wenye bangili. Kati ya kitambaa na meno pana weusi mtupu, kama vile mtu amekata pale kwa mkasi akabandika karatasi nyeusi kwa nyuma. Uso wenyewe uko kwetu. Uko ndani ya kopo dogo la plastiki lenye mfuniko wa kijivu, na umelazwa kwenye friji tangu nikiwa darasa la nne.

Wiki iliyopita friji ilikufa. Fundi wa hapa Kibamba aliigonga mgongoni mara mbili, akatega sikio, akasema, "Dada, kompresa imeshaenda hii. Toeni vitu." Nikatoa samaki, nikatoa ndimu na dawa za macho za mama, mpaka nikafika nyuma kabisa kwenye lile kopo. Nililifungua bila kufikiri. Harufu iliyotoka ilikuwa ya ndala mpya zilizofungwa kwenye nailoni, na nyuma yake ukali kidogo wa siki. Nikafunika haraka. Nina watoto wawili na kazi ya kuheshimika, lakini kwa dakika nzima nilisimama pale jikoni nikiogopa kugombezwa.

Mama yangu alikuwa mpiga picha. Mtaani kwetu Temeke walimwita Mama Picha, na nadhani wengi hawakulijua jina lake jingine. Chumba cha mbele kilikuwa studio: pazia la bluu, stuli moja, mwavuli mweupe wa kutawanyia mwanga. Wapiga picha wanaume walikuwa wengi, na mama hakugombea nao picha za pasipoti wala za ubatizo. Kazi yake ilikuwa kule ambako wao hawakuruhusiwa kuingia. Siku ya kumtunza bibi harusi, wanawake wanapovua mabuibui na bibi harusi anakaa kichwa wazi, nywele zimepambwa na mikono ina hina mpaka kwenye viwiko, mwanamume haingii hata akiwa na kamera. Mama aliingia.

Wenzake walitia kwenye kamera filamu yoyote iliyokuwepo dukani. Mama alichagua. Kila ikija filamu ya aina mpya alinunua moja tu, akaenda nayo uani, akatandika kanga juu ya kinu, akaweka juu yake yai moja na kipande cha mkaa. Akapiga. Akasogea, akapiga tena. Picha zikishasafishwa alizitazama dirishani, mara anazisogeza karibu, mara anazipeleka mbali, kisha anaandika vijinamba kwa kalamu pembeni na kuzibandika nyuma ya mlango wa studio. Mlango ule ulijaa mayai na mikaa kutoka juu hadi chini. Filamu iliyofaulu aliinunua kwa wingi na kuihifadhi kwenye friji, pembeni ya maharage ya jana. "Usiziguse," aliniambia. "Zimelala."

Hakunieleza zaidi ya hapo. Mama hakuwa mtu wa kueleza. Aliyenieleza ni Mwajuma, tuliyekaa naye dawati moja, siku niliyomtuma anichukulie daftari nyumbani kwetu akauona ule mlango. Alinivuta nyuma ya vyoo vya shule.

"Mama yako anaaguaga?"

"Anapiga picha."

"Yai na mkaa? Bibi yangu kasema vile vitu vinawekwaga njia panda. Ukivikanyaga, umekwenda."

Kuanzia siku hiyo nilianza kuhesabu mayai ya nyumbani. Niliacha kuutazama ule mlango. Na zile filamu zilizolala kwenye friji sikuziona tena kuwa ni vitu vya dukani.

Bi Somoe alikuja mchana mmoja kwa miguu kutoka kituoni, jasho limemlowa, amebeba ndala zake mkononi. Alikuwa mwanamke wa Lindi aliyehamia Kipawa, mjane wa mchonga vinyago, mrefu, na mweusi kwa namna ambayo sijaiona tena: weusi wenye mng'ao, kama mpingo uliopigwa msasa. Mwanawe Hamisi alifanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Mwarabu wa mtaani kwetu, na sasa alikuwa anamuoa binti wa mwenye duka. Temeke nzima ilikuwa imeshalijadili jambo hilo na kulimaliza, isipokuwa mama wa binti, Bi Ghania, ambaye yeye alikuwa bado.

Mama alimwamkia, akamkaribisha kwenye stuli. Bi Somoe akafungua pindo la kanga akatoa picha tatu.

"Nitafute humo."

Mama akazitazama. "Huyu hapa."

"Umejuaje?"

"Kanga. Ni hiyo hiyo uliyovaa."

"Ehee! Hata mwanangu mwenyewe ananijua kwa kanga." Alicheka, lakini alicheka peke yake. "Nimezaa watano, kabaki mmoja. Siku ya kumvisha mkwe wangu mkufu, mie nataka wajukuu wakiuliza bibi yetu yupi, waonyeshwe uso. Wasionyeshwe kanga."

Mama hakuwa na kawaida ya kumwahidi mtu picha. Siku zote alisema, tutaangalia itakavyotoka. Siku ile alimrudishia picha zake, akasema, "Utaonekana."

"Usiseme kunifurahisha, mwanangu."

"Bi Somoe, nimesema utaonekana."

Akamsogeza dirishani. Akatoa kipima mwanga chake, kile kidude chenye mshale unaocheza, akakiweka shavuni kwa Bi Somoe na kuinama kusoma. Mimi nilikuwa mlangoni. Nikaona kidude kwenye shavu la mgeni, mgeni amefumba macho, mama anasogeza midomo akihesabu. Jioni yake yai likatoka tena kwenye trei, na mkaa ukatoka jikoni. Mara hii alijaribu filamu za aina tatu. Aliyoichagua ilikuwa ya mia nne, namba ya wepesi wa filamu kunasa mwanga, yenye rangi tulivu, na aliitumia kwa kuidanganya kamera kwamba ni ya mia mbili, ili mwanga uingie mara mbili. Leo najua kwamba ilikuwa njia sahihi kabisa. Siku ile niliona tu kwamba yai lilipigwa picha mara nyingi kuliko siku nyingine zote.

Siku mbili kabla ya shughuli akaja Bi Ghania. Udi ulitangulia kuingia kabla yake. Alivalia buibui lenye nakshi, na mkononi alikuwa na mfuko wenye filamu tatu mpya.

"Kaka yangu kazileta kutoka Dubai. Mtu akipigwa na hizi anakuwa kama wa kwenye kalenda."

Mama alisoma boksi. "Bi Ghania, hii ni ya mia moja, na rangi zake kali. Ni nzuri kwa maua, kwa majumba. Chini ya turubai itataka mwanga mwingi, na sura zote hazitakaa pamoja."

"Sura ya nani haitakaa?"

Mama akaligeuza boksi mkononi.

"Ya mwanangu itakaa?"

"Itakaa."

"Basi." Akaketi. "Na zikiisha unanikabidhi pale pale, mkononi. Zinakwenda Unguja. Binti wa dada yangu ana mashine ya kusafishia, mwanamke mwenzetu. Sitaki mwanamume atazame kichwa cha mwanangu, hata kwa bahati mbaya. Tumeelewana, Mama Picha?"

"Tumeelewana."

Alipoondoka, mama alifungua friji, akatoa filamu moja ya kwake na kuiacha mezani iishe ubaridi, maana filamu ikitolewa kwenye baridi na kutiwa kwenye kamera papo hapo hutoka jasho. "Hii ni ya Bi Somoe," aliniambia. "Ikitoka kwenye kamera nitakupa uishike mwenyewe. Usiichanganye na za watu." Baadaye sana aliniambia kwamba alikusudia kumweleza Bi Ghania baada ya shughuli, akiwa amefurahi, na filamu ile nayo iende Unguja pamoja na zile nyingine. Hakuwa na nia ya kuficha kitu. Lakini mie hakuniambia hivyo, na mie sikuuliza.

Shughuli ilianza alasiri, uani kwa Bi Ghania. Turubai juu, kuta zote zimezibwa kwa shuka na kanga, na mlangoni amekaa mama mmoja mnene mwenye kazi moja tu: kufukuza watoto wa kiume. Salha alikaa juu ya kiti kilichopambwa, nywele zimeachwa wazi mpaka kiunoni, zina asumini. Ngozi yake ilikuwa nyeupe karibu na rangi ya lile yai. Nilijitahidi nisiliwaze hilo.

Mama alipiga filamu ya kwanza, ya pili, akaingia ya tatu. Kila moja iliyojaa niliitia kwenye kipochi chekundu. Wageni walikuwa wanatunza mmoja mmoja, vigelegele vinapanda na kushuka, na nilimwona mama akitazama kijidirisha cha namba kwenye kamera, kisha akimtazama Bi Somoe, kisha namba. Zilikuwa zimebaki picha sita. Mwenye kipaza sauti akatangaza, "Na sasa mama mkwe! Mama mkwe wa Kipawa, tumwone!"

Bi Somoe akasimama na mkufu wake.

Mama akapiga sita za haraka haraka ili filamu iishe: mikono ya hina, mto, mkono tena, sidhani hata aliangalia. Kamera ikaanza kurudisha filamu, inanguruma taratibu kama inzi kwenye chupa. Bi Somoe alikuwa ameshafika mbele ya mkwe wake. Mama akafungua mgongo wa kamera, akanirushia filamu, akashika ile ya kwake kwa vidole vilivyokuwa vinateleza kwa jasho. Ncha ikakataa kuingia. Akaitoa, akaikunjua, akajaribu tena.

Bi Somoe hakumtazama bibi harusi. Alimtazama mama. Halafu akaunyanyua mkufu na kuanza kuhangaika na kifungo chake.

"Jamani kifungo hiki kigumu!"

"Mkwe anatetemeka!" mtu akapiga kelele nyuma, wanawake wakaangua kicheko.

"Mvalishe bwana, au umebadili mawazo?"

"Mie nibadili? Miaka yote namngoja huyu mtoto aoe, leo nibadili!"

"Mwacheni, anatafuta miwani!"

Bi Ghania hakucheka. Alikuwa amesimama pembeni, mikono kifuani, akimtazama mpiga picha.

Kamera ikafunga. Mama akaitikia kwa kichwa, kidogo sana, na kifungo cha Bi Somoe kikafunguka mara moja. Akamvisha Salha mkufu. Akaweka shavu lake kwenye shavu la mkwe wake, wote wawili wakageukia kamera, na mama akapiga, akasogea, akapiga, hakuacha mpaka filamu nzima ikaisha na kujirudisha. Aliponipa, ilikuwa bado ya moto kwa mkono wake. Niliibana kiganjani.

Bi Ghania alikuja wageni wakiwa wanakula, kiganja kimefunguliwa mbele. Mama akachukua kipochi, akampa zile tatu. Bi Ghania hakukifunga kiganja.

"Nimekuona ukibadilisha mara tatu. Na moja ilikuwemo tangu mwanzo. Hiyo ni nne, Mama Picha. Iko wapi ya nne?"

Sahani zilizokuwa karibu zikatulia. Mama akafungua mdomo kusema. Nimeukumbuka mdomo ule maisha yangu yote: ulikuwa umefunguka kwa utulivu, kama wa mtu mwenye jibu. Lakini mie nilikuwa naona kitu kingine. Nilimwona Salha, mweupe kama yai, na Bi Somoe, mweusi kama mkaa, shavu kwa shavu, na wote wawili wamefungwa ndani ya kidude nilichokishika, na sasa watu wanakitaka. Nilijua kwamba kikionekana, mama yangu amekwisha.

"Iliharibika," nikasema. "Nimeitupa chooni."

Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka. Bi Ghania alinitazama, akamtazama mama. "Kweli?"

Mama alinigeukia. Akisema si kweli, basi mwanawe ni mwongo na yeye ni mwizi aliyebainika akiwa na picha ya bibi harusi kichwa wazi, mbele ya wanawake ambao kesho ndio wangemwita kwenye shughuli zao. Aliangalia ngumi yangu. Nadhani alikuwa bado hajaelewa.

"Umemsikia mtoto," akasema.

Na wakati huo huo nikamwona Bi Somoe. Alikuwa ameketi kwenye mkeka hatua tatu kutoka pale, tonge liko mkononi. Alikuwa amesikia. Alilirudisha tonge sahanini, akavuta kanga, akajifunika uso taratibu kuanzia kidevuni mpaka juu, ingawa ndani mle hapakuwa na mwanamume wa kumfanya ajifunike.

Njiani mama alinitangulia mpaka kwenye kona ya mashine ya kusaga. Akasimama. "Kwa nini?"

"Wangejua."

"Wangejua nini?"

"Yai na mkaa."

Alikaa chini palepale, kwenye gogo la muuza chipsi, kamera shingoni. Kisha akanieleza, kwa mara ya kwanza. Yai linamwambia kama atamuunguza mtu mweupe. Mkaa unamwambia kama atampoteza mtu mweusi. Filamu inayoonyesha uduara wa yai na mistari ya mkaa kwenye picha moja, hiyo ndiyo filamu ya harusi. Mengine yote, alisema, ni maboksi tu. Hakunichapa. Ningependa angenichapa.

Kesho yake tulikwenda Kipawa. Bi Somoe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniita karibu yake. Nilidhani atanifinya. Alinishika mkono ule ule na kuufungua kiganja, kama vile bado filamu ingekuwemo.

"Kwa hiyo nipo?"

"Upo," mama akasema. "Lakini siwezi kumpelekea mwanamume kusafisha, nilishakubaliana na Bi Ghania. Naye siwezi kumwendea tena."

"Usimwendee. Mwanangu bado mgeni kwenye ile nyumba, wasije wakapata la kumwambia." Akafikiri. "Ilaze tu. Siku ukipata mwanamke wa kuisafisha, na wao wakiwa radhi, niite."

Alikuwa akija kila Idi. Anakula, anasalimia, na akiwa anavaa ndala mlangoni anauliza, "Bado imelala?" Mama anajibu, "Bado imelala, Bi Somoe." Mwanamke wa kusafisha hakupatikana. Baadaye maabara za picha zikaanza kufungwa moja baada ya nyingine, simu zikachukua kazi ya kila mtu, Bi Ghania akafariki, tukahamia huku Kibamba na friji yetu. Tungeweza kumwambia Salha wakati wowote. Hatukumwambia. Aibu ukiilaza muda mrefu inakuwa sehemu ya samani.

Bi Somoe amefariki mwezi uliopita. Msibani, Hamisi, sasa ana mvi, alinivuta pembeni. "Dada, kwenu hakuna picha ya mama? Wanangu wanataka kuweka. Tulizonazo..." Alinionyesha simu. Kitambaa, meno. Nikamwambia ngoja nitafute.

Nimetafuta. Mtu pekee niliyempata jijini anayesafisha filamu za rangi kwa mkono ni kijana mmoja wa Goba. Amesema za zamani namna hii haahidi, lakini kwa vile ilikaa kwenye baridi, anaweza kujaribu. Nikamuuliza kama anaweza kuifanya bila kuangalia. "Kusafisha nasafisha gizani, sioni kitu. Kuihamishia kwenye kompyuta, lazima nione, sista."

Juzi nilimpigia Salha. Nilimwambia kila kitu, kuanzia mlango wenye mayai.

"Nimo kichwa wazi?"

"Ndiyo."

"Shavu kwa shavu na mama mkwe."

"Ndiyo."

"Na huyo kijana ni mwanamume." Akavuta pumzi. "Mama yangu alikufa akijua hakuna mwanamume aliyeniona siku ile. Ngoja. Nitakupigia."

Nilipokata simu, mama alikuwa kwenye kochi, uso ameuelekeza dirishani, ambako siku hizi haoni zaidi ya mwanga. Nikamuuliza kama kuna uwezekano Salha hataonekana vizuri, kwa kuwa siku ile mwanga ulipimwa kwa uso wa Bi Somoe. Kwamba labda yeye ameungua, amebaki weupe mtupu, na kijana wa Goba hataona kitu cha kuona.

"Kwa kipimo kile, ningetia ile filamu ya Dubai, angeungua," mama akasema. "Kwa ile niliyochagua, wapo wote wawili. Mpaka kope."

Leo ni siku ya tatu. Salha hajapiga. Fundi amesema friji haitengenezeki, na joto la mchana huku ni la kukausha nguo kwa saa moja. Kopo nimelipeleka kwa jirani, liko nyuma ya mtindi wa watoto wake. Nimemwomba asilifungue. Ameniuliza kuna nini humo.